Mlio wa Ndama Mfukoni

Nichekeni tu, nilijitakia. Simu yangu ya kwanza ilikuwa na uwezo wa kurekodi, na mimi, muuza vocha wa Chanika, nikarekodi kilio cha ndama kiwe mlio wangu. Ikiita, sipokei haraka. Watu wasikie kwanza.

Siku ya mnada hapa Handeni nilikuwa napita katikati ya mifugo, simu ikaita mfukoni. Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Kugeuka, ng'ombe mmoja ameacha kundi ananifuata. Nikikata kushoto, naye yupo. Nikatimua mbio na vocha zangu, mnada mzima unacheka.

Mwenye ng'ombe, mzee wa Kimaasai, akanidaka mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umempa dawa gani ng'ombe wangu? Ameacha ndama nyumbani, leo hasogelewi na mtu."

"Naapa mzee, mimi na yeye hatujuani kabisa."

Papo hapo mama yangu akapiga kutoka Korogwe. Suruali ikalia kama ndama mwenye njaa. Ng'ombe akasogea, akaanza kuilamba kwa mapenzi yote.

Mzee akaniachia mkono. "Kumbe ni mwanawe," akasema taratibu. "Simama vizuri basi, akulambe."