Kusubiri "Ila"

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta mlango wangu umeshaandikwa. Bango jipya, herufi nyekundu, lugha tatu, na ya tatu ilikuwa Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine: CHUMBA CHA AKILI. Nilisimama mbele yake na mkoba begani, nikajisemea, Mama Koku, humu utakaa peke yako mpaka ustaafu.

Nyinyi vijana mnaosomea unasihi leo mna vyumba vizuri na vyeti ukutani, kwa hiyo niwaeleze tulivyoanza. Unasihi ni kumsikiliza mtu mpaka aione njia yake mwenyewe. Si kumpa mawaidha. Mawaidha anayapata kwa shangazi zake. Mimi nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili huko nyumbani kwa miaka mingi kabla ya kumfuata mume wangu Guangzhou. Baba Koku alikuwa wakala wa mizigo pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika, akiwafungia wafanyabiashara wetu nguo na simu kwenye makontena. Chuo kikuu kimoja jijini kilikuwa na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, wengi wao wa ufadhili, na kikatafuta mtu anayejua lugha yao. Nikaomba, nikapata.

Mkuu wa Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni alikuwa mtu mwembamba, mkavu wa maneno, shati limenyooka kuliko rula.

"Wanafunzi wakiumwa akili, waje hapa," aliniambia asubuhi ile kwa Kiingereza.

"Hawatakuja, Mkuu."

"Kwa nini? Bango linaonekana tangu kwenye ngazi."

"Ndiyo maana hawatakuja."

Nikamweleza kwamba kwetu akili ya mtu hutajwa ikishapotea. Hakuna mtoto wa Kitanzania atakayegonga mlango ule huku wenzake wanamwona. Kesho yake nililibandua, nikaandika kwa mkono wangu: CHAI IPO. Mkuu alipopita alisimama.

"Chuo kikuu hakiuzi chai."

"Siuzi, Mkuu. Nagawa."

Wiki haikuisha, viti vikawa haba. Walikuja kwa ajili ya chai ya tangawizi na maandazi, wakabaki kwa ajili ya mengine. Hapo ndipo nilipokutana tena na sonona, ile huzuni isiyoondoka hata sababu yake ikiondoka, na wasiwasi uliopitiliza, unaomfanya mtu aogope mtihani ambao bado haujapangwa. Yaliyosemwa mle yalibaki mle. Huo tunauita usiri, na mnasihi asiyeuweza akauze magazeti.

Bosi wangu wa pili alikuwa Daktari Mkuu wa zahanati ya chuo. Ujanani alikuja kwetu bara na kikosi cha madaktari wa Kichina, akakaa miaka, akarudi kwao na Kiswahili safi na mapenzi ya ugali wa muhogo. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Na alikuwa anajivuna, kama anavyostahili kujivuna mtu aliyehangaika na ngeli zetu mpaka zikamtii. Akimpata mwanafunzi wetu, alianza mwenyewe: Habari za asubuhi? Nzuri. Za masomo? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Basi, anaandika "mzima", anamwita mwingine.

Kisha ikaja ile miaka ya misako. Mwaka wa Olimpiki ya Beijing viza zilianza kubana, na uliofuata zikabana zaidi. Askari walisimama kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye milango ya majengo ya maduka ya jumla na kwenye ngazi za metro, na neno lao lilikuwa moja: "Huzhao!" Yaani, pasipoti. Wafanyabiashara ambao viza zao zilikwisha walijifungia vyumbani. Wanafunzi wetu walikuwa halali kabisa, lakini hofu haiulizi vibali. Waliokuwa wakienda Pazhou wakati wa maonyesho ya biashara kuwatafsiria wanunuzi wa kutoka nyumbani waliacha kwenda. Chai yangu ilinyweka kama maji ya kisima.

Nyamizi alikuwa binti wa Tabora, mwaka wa tatu wa udaktari. Alikuwa mcheshi asiye na breki. Ndiye aliyenibandika jina la Mama Laoshi, maana laoshi kwa Kichina ni mwalimu. Jumamosi moja alikwenda Xiaobei kununua unga wa sembe. Pasipoti yake ilikuwa uhamiaji ikiongezewa kibali cha kukaa, na stakabadhi yake aliisahau bwenini. Wakamsimamisha kwenye ngazi za metro, wakampeleka kituoni. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alikalishwa tu kwenye benchi tangu mchana hadi jioni, watu wakipita wakimtazama, mpaka chuo kikathibitisha kwa simu kwamba ni mwanafunzi wake. Akarudi bwenini, akafunga mlango, na darasani hakuonekana tena.

Sheria ya ufadhili ilikuwa wazi. Anayekosa masomo kwa uvivu anarudishwa nyumbani. Mwenye ugonjwa uliothibitishwa na daktari anapewa likizo ya matibabu, na nafasi yake inamngoja. Utaratibu wa ofisi ulikuwa daktari kwanza, mnasihi baadaye. Daktari Mkuu akaenda bwenini, akarudi, akaandika "mzima". Kikao cha kumfukuza kikapangwa Ijumaa. Nilipopata habari hizo ilikuwa Jumatano, na nilipanda ngazi za zahanati kwa hasira.

"Mama Koku, nimemuuliza mwenyewe, tena kwa Kiswahili," alisema Daktari Mkuu. "Habari, nzuri. Masomo, nzuri. Usingizi, nzuri tu. Binti mvivu. Nasikitika."

"Ukasubiri?"

"Nisubiri nini?"

"Daktari, ulipokuwa kwetu uliwahi kwenda msibani?"

"Mara nyingi."

"Mfiwa akiulizwa habari, anajibu nini?"

Akafikiri. "Nzuri," akasema. Kisha macho yakamtoka. "Nzuri, ila... tumeondokewa na baba."

"Basi wewe kwa Nyamizi uliondoka kabla ya ila."

Wanangu, hili si jambo dogo. "Nzuri" yetu si uongo. Ni kumkaribisha mtu ndani kabla ya kumtwisha mzigo. Nani amtwishe mgeni aliye bado mlangoni? Habari yenyewe huja baadaye, nyuma ya "ila", nayo haiji kwa mtu mwenye haraka. Na ukisikia "nzuri tu", tia masikio, maana hiyo "tu" tayari inapiga hodi. Daktari Mkuu alijua maneno yetu yote haya. Alichokosa ni kule kungoja, kitu ambacho hakimo katika kamusi yoyote.

Mchana ule ule tulikwenda pamoja, mimi nimebeba chupa ya chai. Nyamizi aliposikia sauti yangu alifungua mlango, akatuamkia sote wawili, "Shikamooni." Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nywele alikuwa amezifumua nusu, nusu bado zimesukwa, kana kwamba mikono ilimchoka katikati ya kazi. Nilitaka kulia, nikajizuia.

"Habari za hapa, mwanangu?"

"Nzuri, mama."

"Za masomo?"

"Nzuri tu."

Nikamimina chai. Nikanyamaza. Kwenye unasihi ukimya ni kifaa cha kazi, na mwanagenzi huutambua kwa jinsi unavyomtia muwasho. Daktari Mkuu alikohoa, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu. Akakifunga. Chai ilipoa. Nyamizi alizungusha kikombe mikononi, akakitazama, akakizungusha tena.

"Ila, mama..."

"Naam."

"Ila nikisikia viatu kwenye korido, moyo unaenda mbio mpaka naona giza. Ila hata bafuni siendi mpaka wenzangu wote watoke. Wananiambia nimesharudi, nimesharudi. Mimi bado niko kwenye lile benchi, mama. Sijanyanyuka." Machozi yakaanza. "Na juzi niliwaza, nikilala nisiamke, angalau hakuna atakayeniuliza huzhao."

Hapo Daktari Mkuu aliweka kikombe chini, akafanya kazi yake kama bingwa. Ipo hatua tunayoiita tathmini ya hatari: unamuuliza mtu waziwazi, bila kupindisha, kama anafikiria kujidhuru. Wengi huogopa kwamba kuuliza ni kumpandikizia wazo. Si kweli, kuuliza ni kumtua mzigo.

"Nyamizi, umefikiria kujidhuru?"

"Nimefikiria. Sijapanga."

"Asante kwa kuniambia. Ni ugonjwa, una jina na una matibabu. Na kuanzia leo hukai peke yako."

Rafiki yake wa chumba cha jirani akahamia kwake jioni ile ile.

Ijumaa tuliingia kikaoni. Mkuu wa Ofisi aliigonga ripoti kwa kidole. "Daktari, mwandiko ni wako. Umeandika mzima."

Daktari Mkuu alisimama. Kwa mtu wa cheo chake, mbele ya wadogo zake kazini, sikutegemea. "Nilisikia nusu ya jibu, nikaandika nusu. Leo nimeleta lililobaki. Binti ni mgonjwa."

"Alisema nzuri," Mkuu alijibu. "Mtu akisema nzuri, mimi nimwamini nani?"

Kichina changu kilikuwa cha Xiaobei. Nilijua kusema bei imezidi, na ile "mei you" ya wenye maduka, yaani "hakuna", inayokukata maini. Lakini maneno niliyoyahitaji siku ile yalikuwa mepesi. Nikamwambia: "Mkuu, nyinyi mkikutana mnaulizana, umekula? Ni nani hujibu kwamba hajala?"

Mkuu aligeukia dirishani. Nikadhani nimeharibu.

"Nilipokuwa mtoto kulikuwa na njaa," alisema mwishowe. "Jirani akiuliza, mama yangu alijibu, tumekula." Akaisogeza ripoti kando. "Hatukuwa tumekula."

Akavuta kalamu. "Likizo ya matibabu. Nafasi yake ibaki."

Tulishuka ngazi mimi na Daktari Mkuu tukicheka kama watoto walioachiwa mapema shule. Sioni haya kusema kwamba tulishinda, na ushindi ule niliusikia mwilini.

Kazi ngumu ilifuata. Daktari alimpa dawa za kumrudishia usingizi, nami nikaanza naye zoezi la kuikabili hofu kidogo kidogo: unaikaribia kwa hatua unayoiweza, unasimama hapo mpaka moyo utulie, ndipo unaongeza nyingine. Kwanza mlango wa bweni. Kisha chumba cha chai. Kisha kituo cha basi. Kisha metro, stesheni moja na kurudi. Kuna siku tulirudi nyuma hatua mbili, nikamwambia hata mwendo wa kurudi ni mwendo. Miezi ikapita, akarudi darasani, pasipoti yake ikatoka uhamiaji. Ikabaki Xiaobei.

Baba Koku alikuwa amewadokeza wafanyabiashara wachache wenye vibali safi kwamba tunakuja, na siku hiyo wakasimama kando ya barabara kana kwamba wana shughuli zao. "Mambo, daktari!" "Karibu, mdogo wangu!" Mkongo mmoja muuza mabegi akapaza sauti kumtia moyo, "Courage, mama, courage!" Nyamizi alinishika mkono kwa nguvu. Tulipofika kwenye zile ngazi, askari kijana akajitokeza.

"Huzhao!"

Aliyerudi hatua nyuma nilikuwa mimi. Nyamizi aliniachia mkono, akatoa pasipoti, akaifungua mwenyewe, akamwambia kwa Kichina kilichonyooka, "Xinku le." Hiyo ndiyo "pole na kazi" yao. Askari akashtuka, nadhani tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amempa pole. Akaitazama picha, akamrudishia pasipoti kwa mikono miwili, na tabasamu la kujificha.

Tulipopinda kona mama mmoja wa mgahawani, ambaye alikuwa akituchungulia tangu mwanzo, alipiga vigelegele hadi wapita njia wakageuka. Tukanunua unga wa sembe. Nikala ugali wa ushindi, nikaongeza.

Baadaye nilihamishiwa kampasi mpya, nikawa mkufunzi wa wanasihi, nikafanya kazi chini ya wakuu wengine wawili, mmoja hodari na mmoja wa kupita tu. Daktari Mkuu aliwafundisha madaktari wadogo kungoja baada ya jibu, na kila aliposimulia alijikanyaga mguu mwenyewe ili waelewe. Mkuu wa Ofisi naye siku moja alikuja na bango lililochapwa vizuri, lugha tatu, akalibandika juu ya lile la mkono wangu: CHAI IPO. Tangu hapo hata wanafunzi wa Kichina wakaanza kugonga.

Sasa nimestaafu, niko Bukoba. Nina migomba, nina kuku, na msimu wa senene, panzi wetu watamu, majirani hawaniachi nyuma. Baba Koku tulimzika mwaka jana. Watu wananiuliza kama kazi ile ilikuwa na faida, kukaa na watoto wa wenzangu kwenye nchi ya watu, kunywa chai. Mimi huwajibu kwamba yupo daktari wa watoto huko Tabora, waende wakamuulize.

Juzi alipiga simu.

"Shikamoo, Mama Laoshi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za kustaafu?"

"Nzuri tu."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nilisikia kelele za wodi kwa mbali, mtoto analia, mtu anaita nesi.

"Nyamizi, upo?"

"Nipo, mama."

Na kimya. Ndipo nikaelewa anachonifanyia, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Yeye hakusema kitu. Nilimfundisha vizuri mno, mtoto huyu. Nikavuta kiti, nikaketi.

"Ila," nikaanza.