Upande wa Wanawake Hauna Mlango

Kanisa letu hapa Bungoma ni la udongo na nyasi. Lina mlango mmoja tu, na mlango huo uko upande wa wanaume. Wanawake na watoto tunakaa ng'ambo, tumebanwa na ukuta wenye vitundu vya hewa. Maombi yakianza, mzee wa kanisa anafunga mlango kwa gogo ili wachelewaji wasisumbue. Mzee huyo ni baba mkwe wangu.

Mimi nilizaliwa Kitale, kwenye shamba la mzungu, nikasoma hadi sekondari. Huko hata ghala la mahindi lilifyekewa nyasi pande zote kila kiangazi, moto usipate pa kupitia. Nilipoolewa hapa nikaona watoto wanafungiwa chini ya nyasi kavu, sikunyamaza. Lakini ningemwambia nani? Mke wa mwana hasemi na baba mkwe ana kwa ana, hapiti karibu naye, na kumgusa ni mwiko kabisa. Kila neno lilipitia kwa mume wangu. Nilimpa maneno yenye pilipili, akayafikisha yakiwa uji.

Mvua kubwa ilipokuja, ukuta wa nyuma uliinama. Nikasema. Wakauegemeza mti mmoja, wakaimba. Krismasi walining'iniza karabai kwa kamba ya katani juu ya vichwa vya watoto. Nikasema wafunge waya. Walifunga, ndiyo, baada ya kamba kuanza kutoa moshi.

Nikaomba mlango wa pili, upande wetu. Jibu likarudi: "Mwambieni huyo mtu wa sekondari, mbinguni kuna mlango mmoja."

Wanaume walicheka wiki nzima. Shemeji yangu akanikuta njia ya Kanduyi, akapaza sauti: "Bibi Milango! Leo tunaingilia wapi?"

"Wewe pitia tundu la panya," nikamwambia. "Ndiyo saizi yako."

Mwezi wa pili, Jumapili moja, jirani alikuwa anachoma mabua shambani mwake. Upepo uligeuka katikati ya maombi. Kwanza nilisikia sauti, kama mtu anakunja karatasi juu ya vichwa vyetu. Kisha moshi. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni, binti yangu mkubwa ameshika gauni langu.

Wanaume walitoka haraka. Si wako mlangoni? Baba mkwe, aliyewaondolea gogo, akasimama pale pale, mikono juu. "Polepole! Hapa si soko! Mtaumizana!" Alikuwa na nia njema, hilo nampa. Lakini alikuwa ameujaza mlango. Na waliotangulia upande wetu walikuwa nani? Wake wa wanawe, watatu. Wakasimama. Wanakohoa, macho chini, wanangoja mzee asogee ndipo wapite. Nyuma yao wanawake wote wakakwama, watoto wanalia.

"Piteni!" nikapiga kelele.

"Tutapitaje, na baba amesimama?" mke wa shemeji akajibu, machozi yanamtoka.

Nilimpa mkono wa binti yangu, nikapenya katikati yao, nikamsukuma baba mkwe kifuani kwa mikono miwili. Akaanguka nje chali. Tukatoka sote.

Moto ulizimwa kwa maji na matawi mabichi. Paa liliungua kona moja tu. Kona yetu.

Katikati ya wiki wazee wakakaa kikao. Hawakujadili mlango, hawakujadili mabua. Walijadili mikono yangu. Ati nilete kuku na kuomba msamaha mbele ya kanisa zima, la sivyo nisikanyage tena. Mume wangu alileta habari hiyo akiangalia viatu vyake.

"Toa tu kuku, mama watoto. Yaishe."

"Yaishe nini? Wewe ulikuwa nje tayari!"

Nikamwambia sitatoa hata yai, na wanangu hawataingia mle kufungiwa tena.

Jumamosi mama mkwe akaja uani kwangu. Sikuwa nimewahi kumsikia akimpinga mzee. Alikuwa bado anakohoa.

"Kuku nitatoa mimi," akasema. "Wewe leta jembe."

"La nini, mama?"

"Ule ukuta ni udongo. Si ni sisi tuliukandika?"

Tukaenda kanisani, yeye na sisi wakaza wana wanne. Alipiga jembe la kwanza yeye mwenyewe, karibu na pale nilipokuwa nakaa. Vumbi likatujaa. Baba mkwe akasikia vishindo, akaja mbio, kisha akasimama mbali, kwenye ua, maana wake wa wanawe tulikuwa tumejaa pale kazini na hakuweza kutukaribia.

"Mwambie huyo mtu wenu aache!" akamfokea mkewe.

"Njoo umwambie mwenyewe," mama mkwe akasema bila kugeuka.

Hakuja. Tukachimba mpaka pakatosha mtu mzima kupita na mtoto mgongoni.