Sanduku la Barua la Alby

Merle Hanrahan akikasirika hapigi kelele. Anaosha vyombo. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamaliza vya kwake vyote, akavuka barabara akaja kuosha vyangu, pamoja na kikombe nilichokuwa nimekishika nikinywa. Nikajua leo kuna mtu ataliwa mbichi.

"Queenie," aliniambia, mikono ndani ya povu, "Trev Lonergan ana mlima wetu ndani ya runinga."

"Aufanye nini?"

"Anauendesha. Ni gemu la magari. Mlima wote umo, tangu kona ya chini mpaka kileleni."

Sisi tunakaa Bathurst, mji wa nchi ya makangaruu, kwenye barabara ya mashindano ya magari yenyewe. Wiki moja ya Oktoba magari hupita langoni yakinguruma mpaka meno ya bandia yanacheza ndani ya glasi. Wiki zilizobaki ni barabara kama barabara nyingine: mwendo sitini, watu wanakwenda dukani na kurudi, na polisi kajibanza nyuma ya mti akimwomba Mungu upite na sitini na moja. Merle aliendesha basi la shule hapo miaka thelathini. Bingwa gani amewahi kuupanda mlima ule mara nyingi kama yeye, tena akiwa na watoto arobaini wanatapika nyuma?

Sasa huyo Trev. Ua wake na wa Merle ni mmoja, naye ni Ford. Huku mtu huzaliwa wa magari ya Holden au wa Ford kama kwingine azaliwavyo na ukoo wake. Merle na marehemu mumewe, Alby, ni Holden. Kiwanda cha Holden kimefungwa, magari yenyewe yanaisha, lakini ugomvi una afya kuliko sisi sote. Kila mwaka, Oktoba ikiingia, Trev na Alby walikuwa wakiviziana na makopo ya rangi: huyu ana nyekundu ya Holden, yule buluu ya Ford. Ilikuwa desturi, na Merle aliivumilia, mpaka mwaka Trev alipompaka buluu kuku wa Merle. Kuku yule alitaga mayai ya buluu hadi Krismasi, nami nilikula mawili. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa, Merle hakukanyaga kizingiti cha Trev.

"Na leo nakwenda," akasema. "Nataka kuliona sanduku la Alby."

Nikakaa chini.

Sanduku lile la barua Alby alilitengeneza kwa mikono yake. Chini bloku ya injini ya Holden, silinda nane, juu yake kopo kubwa la maziwa, la chuma, limelazwa ubavu, lote jekundu. Wanaume sita walilibeba. Kangaruu mmoja alilivaa kwa kichwa siku ya ukungu, akazinduka akijidhani kondoo. Mimi mwenyewe nilimkuta kwenye foleni ya kunyolewa manyoya. Alby alikuwa akijigamba, "Hili haliangushwi na gari lolote. Si Ford, si kifaru cha vita."

Alby akafa majira ya baridi ya mwaka juzi. Mwaka jana lori lililoleta kuta za zege za mashindano likarudi nyuma bila kutazama, likalisaga sanduku likawa kama biskuti. Dereva akatoa kichwa dirishani: "Aa, bibi, ni sanduku tu." Akaondoa gari. Kesho yake Merle yuko kliniki, wakaja wazoa chuma chakavu wakachukua vipande. Picha hakuna hata moja. Nani hupiga picha sanduku la barua?

Lakini wenye gemu walikuja kuupima mlima wakati Alby yu hai. Gari lenye jicho juu ya paa lilipita polepole asubuhi nzima, likipima kila ufa. Kwa hiyo kama sanduku lile lipo popote duniani, lipo sebuleni kwa adui.

Trev alifungua mlango, akatutazama, akachungulia nyuma yetu kana kwamba kuna nyumba inaungua.

"Nani kafa?"

"Bado," Merle akasema. "Nipishe."

Ndani, Ford tupu: saa ya ukutani Ford, mto wa kochi Ford, mbwa anaitwa Falcon. Usukani wa gemu kaufunga kwa skrubu kwenye meza ya kupigia pasi, pedali kazibana kwa matofali. Kwanza akataka kutusomea walivyoandika wachezaji wa dunia nzima, huku kifua kimemjaa kama vile mlima kaujenga yeye.

"Sikilizeni huyu wa Ufini. 'Uhalisia mtupu. Kila tuta nalihisi kiunoni. Naujua mlima huu kuliko kiganja changu.'"

"Amewahi kununua mkate hapa?" Merle akauliza.

"Nani?"

"Huyo wa kiganja! Anajua barafu hulala kona gani mwezi wa saba? Anajua mbwa wa nani hufukuza basi? Miaka thelathini mimi, na sijajisifu popote!"

"Huyu wa Brazili anasema breki zinanata, ila mandhari kamili, hakuna kilichosahaulika. Nyota tano."

"Tutaona kilichosahaulika. Washa."

Trev akakohoa. "Kuna jambo, bi mkubwa. Gari nililonalo ni Ford."

"Badilisha."

"Holden zimo, lakini hazifunguki mpaka ushinde mashindano. Na mimi..." Akajikuna shingo. "Mimi bado."

Nilimwona Merle anatafuta kwa macho vyombo vya kuosha. Kisha akakaa, akashika usukani wa Ford kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya aliyekufa.

Taa zikawaka kijani. Magari mengine yakaruka mbele. Merle akageuza, akarudi alikotoka. Runinga ikajaa maandishi mekundu, gari likanyakuliwa na kurudishwa mstarini.

"Unakwenda kinyume," Trev akasema.

"Kinyume cha nini? Naenda nyumbani!"

"Mashindano yanauzunguka mlima kwanza, ndipo yanashuka kwako. Nyumbani kwako ndiko kinyume."

"Miaka arobaini na sita narudi kwangu kwa njia ile, leo mashine iniambie nimekosea?"

Akaanza upya. Safari hii akafuata wenzake, mwendo sitini, kushoto kabisa. Magari ishirini yakampita yakimkwaruza.

"Honi iko wapi?"

"Haina honi."

"Gari halisi lisilo na honi! Wasomee hiyo wale wa nyota tano!"

Siku sita, kila saa nne asubuhi, tulikuwa pale. Merle aliibamiza ile Ford kwenye kila ukuta wa mlima, na kwa kila ukuta alikuwa na tusi lake, mengine sikuwahi kuyasikia nami nimezaa wavulana watano. Lakini mwili wa dereva hausahau. Siku ya sita akapanda, akapita kileleni, akashuka zile kona zinazojipinda kama utumbo wa mbuzi, akatokea kwenye mteremko wetu mrefu. Nikaona paa la Merle. Nikaona bomba lake la moshi. Nikaona hata kamba yangu ya nguo, na juu yake, aibu yangu, ile nguo ya ndani ya pinki. Kisha ukuta wa zege, langoni, vup, tumepita.

"Halipo," Merle akasema.

Akaupiga usukani kofi.

"Chupi ya Queenie wameipima. Alby wamemfuta." Akauachia usukani. Gari likaenda kujipigiza peke yake. "Mandhari kamili! Hakuna kilichosahaulika! Nipe hiyo simu, nimwandikie huyo wa Ufini."

"Usingeliona," Trev akasema taratibu, akitazama mbwa. "Alby aliliweka kwenye ncha ya ukuta, likatazama mjini, ili wewe ukirudi na basi ulione kabla ya nyumba. Ukitokea juu, ukuta unalificha. Inabidi usimame langoni, ugeuke. Mashine itakupa sekunde kumi, kisha itakunyakua."

"Siku sita ulijua, ukanyamaza?"

"Hukuniuliza," akasema, na uso wake ukaiva kama nyanya. Mimi nikajua mzee huyu ana lake.

Siku ya saba hakukosea kona hata moja. Akashuka mteremko, akakanyaga breki mpaka matofali yakasogea, akasimama langoni mwake. Magari ya nyuma yakaserereka yakimkwepa. Akageuza. Maandishi mekundu yakaanza: kumi, tisa.

Lilikuwepo. Kopo limelala ubavu juu ya injini yake, na kile kibonyeo cha kangaruu kwenye shavu la kushoto.

Lilikuwa la buluu. Buluu ya Ford.

"Trev," Merle akasema. Nane. Saba.

"Ilikuwa tarehe mosi Oktoba," Trev akasema haraka haraka. "Nililipaka alfajiri, desturi yetu. Nitajuaje kuwa lile gari la jicho litapita asubuhi ileile? Saa sita Alby alishalirudisha jekundu, tena akaja kunibandikia simba wa Holden, ile nembo yao, kwenye kiti cha choo. Yupo mpaka leo, nenda katazame. Sikumng'oa. Merle, sikuweza kumng'oa."

Merle akakamata usukani. Akatia gia. Ile Ford ikatoka kama imechomwa sindano, moja kwa moja kwenye lile sanduku.

"Merle, gari langu!"

Boneti ikakunjika mpaka kioo cha mbele. Gurudumu moja likaruka ukuta, likaenda zake shambani. Moshi ukatanda. Ulipopungua tukaliona sanduku limesimama palepale, halikutikisika, halikuchubuka hata rangi. Mashine ikatunyakua.

Akazunguka mlima mzima, akalipiga tena. Ford ikabaki usukani na kiti. Sanduku limesimama.

Mara ya tatu hakulipiga. Alisimama mbele yake zile sekunde kumi zote.

Kisha akainuka, akaenda jikoni kwa Trev, akaosha vyombo vyake vyote, na huko kulikuwa na masufuria ambayo hayajaona maji tangu mke wa mtu huyu aondoke. Akarudi akijifuta mikono kwenye mto wa Ford.

"Na mimi nimecheza. Andika maoni yangu," akamwamuru Trev. "Andika: honi hakuna. Polisi hakuna. Wa Ufini aache uongo. Rangi ya sanduku langu ni ya aibu, na aliyeipaka tunamjua, choo chake pia tunakijua. Lakini haliangushwi na gari lolote. Hapo mmepatia. Nyota moja."

"Moja tu?"

"Nitafikiria ya pili. Washa gari."