Ng'ambo Kwao Mama

Nina picha tatu ukutani sebuleni, na mgeni akiingia huiendea kwanza ile ya milima. Wapo wanaodhani niliipiga Ulaya. Huwa nacheka, nawaambia ni Ubwari, ile rasi ya Kongo inayotazamana na mji wetu wa Rumonge, ng'ambo ya ziwa. Ukisimama bandarini unaiona, almradi mvua imenyesha.

Wakati wa kiangazi watu huchoma majani mashambani, hewa hujaa moshi, ng'ambo hupotea kabisa, na ziwa huwa kama halina upande wa pili. Lakini mvua kubwa ikipiga usiku, asubuhi yake milima husogea. Unaweza kuhesabu mabonde.

Mimi ni fundi wa friji. Nazunguka na pikipiki, leo Gatete, kesho Kizuka, mara nyingine mpaka Kabonga karibu na mpaka wa Tanzania, popote palipo na vinywaji vya baridi au samaki wa kuhifadhi. Kamera niliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyekata tamaa na kazi yake, maana siku hizi kila mwalikwa ana simu. Ilikuja na lenzi ndefu. Nikaanza na ndege, nikaja kwenye michikichi, kisha ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani. Ilikuwa burudani yangu ya Jumapili, basi.

Mama alikuwa akiishi nami. Alizaliwa Ubwari. Baba, aliyekuwa mfanyabiashara wa mawese, alimwoa huko akamvusha kwa mtumbwi angali msichana, na tangu hapo hakurudi kwao hata siku moja. Baba akafariki, mama akabaki nami. Kila asubuhi alikuwa akikaa nyuma ya nyumba, uso magharibi, akichambua mboga bila kuitazama. Ukimwuliza kwa nini haendi kusalimia, alikuwa na jibu lile lile: "Naogopa maji."

Picha ya milima niliipiga juu ya Gatete. Nilikuwa naenda kutengeneza friji ya baa moja, na usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Nilipogeuka barabarani nikaiona Ubwari yote, kijani, karibu. Nikaacha pikipiki, nikapanda kilima na kamera, jua likiwa mgongoni kwangu likiiangaza ile milima usoni. Mwenye baa alinisubiri sana siku hiyo. Baadaye nikaenda kuichapisha Bujumbura, kubwa, nikamletea mama.

Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaishika mbali na macho.

"Iko muzuri," alisema. "Sasa kwetu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Nyuma ya huu mlima wa pili."

"Nyuma?" Akaitazama tena. "Basi umenipigia mugongo ya kwetu."

Hakusema kwa ubaya, lakini neno hilo lilinikaa. Kijiji chao kiko upande wa ndani wa rasi, kwenye ghuba, mahali ambapo lenzi yoyote ya huku haifiki. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kukipiga. Akaanza kufunga kifurushi: sabuni, sukari, kitenge kipya. "Umupe yaya yangu," alisema. Nilijua kwamba mama ana dada mkubwa, ndiye huyo yaya. Sikuwahi kuwasikia wakizungumza, hata baada ya simu kufika kila mahali.

Nilivuka na boti ya wauza vitenge waliokuwa wakienda mji wa Baraka. Tulizunguka ncha ya rasi, upepo ukatulia, wakanishusha kijijini. Sikuhitaji kuuliza sana. Mama mkubwa alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anamenya muhogo. Alinitazama kabla sijamaliza salamu.

"Hiyo pua ni ya mudogo wangu," alisema.

Alinipikia. Nikala sombe, kisamvu cha huko, na samaki mpaka nikashindwa, naye akaniuliza habari za kazi, za watoto ambao sina, za Rumonge ambayo hajapata kuiona. Alikuwa na mikono ya mama, na namna ya mama ya kuinamisha kichwa akisikiliza. Nikaona nimekuja kwa bahati. Nikainua kamera.

"Hapana," alisema.

"Mama mkubwa, ni kwa ajili ya mama. Anatamani kukuona."

"Njia anaijua." Aliweka kisu chini. "Mama yetu alipokufa nilimuzika peke yangu. Nilimutumia mama yako habari mara mbili. Kulikuwa vita, sawa, najua. Lakini vita ilipoisha hakukuja hata kulia na miye. Umwambie, kama anataka kuniona, aje. Miye siingii mu karatasi."

Vingine vyote aliniruhusu. Nilipiga nyumba, ufuo, wanawake wakisuka mikeka, kaburi la bibi lenye mawe meupe pembeni. Saa ya kuondoka aliinuka kuagana nami, akaacha kifurushi cha mama juu ya kigoda, bado kimefungwa. Nikakipiga hivyo hivyo, kigoda na kifurushi na maganda ya muhogo chini. Hiyo ndiyo picha ya pili.

Kwenye boti nilikuwa nikitafuta jinsi ya kuyalainisha maneno yale. Nilipofika nyumbani nikashindwa, nikamwambia mama yote, neno kwa neno, akiwa anatazama picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Kwenye picha ya kaburi alikaa sana. Kwenye kigoda akauliza, "Hakufungua?"

"Mbele yangu hakufungua."

Alinirudishia kamera. Akasema, "Si maji nilikuwa naogopa."

Wiki kadhaa zikapita, mama akipika, akienda sokoni, akikaa nyuma ya nyumba kama kawaida. Halafu siku moja, nikiwa nafunga vyombo vyangu kwenye pikipiki, akauliza kana kwamba anauliza bei ya nyanya: "Boti za kule zinatoka siku gani?"

Picha ya tatu niliipiga bandarini. Mama amekaa katikati ya magunia na magodoro, jaketi la kuokolea limevaliwa juu ya kitenge, mikono yote miwili imeshika ukingo wa boti. Anaonekana mgongo tu. Nilimwita, "Mama! Tazama huku!" Hakugeuka. Nilidhani injini imemeza sauti yangu. Siku nyingi baadaye nilimwuliza kwenye simu, akasema, "Nilikusikia. Ningegeuka ningeshuka."

Alikuwa amesema wiki mbili. Kisha ikawa mpaka muhogo uvunwe. Kisha mvua zipite. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Nilikwenda mara moja, nikawakuta yeye na dada yake wanalala chumba kimoja wakati nyumba ina vitatu. Mama amenenepa. Nilifurahi, na nilipokuwa narudi peke yangu nilitazama mbele njia nzima, nikijifanya nahesabu mawimbi.

Nilitaka aende. Sasa nikitoka kazini na mikono ina grisi, nabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, halafu nakumbuka. Bado sijazoea kupika wali wa mtu mmoja, huwa unabaki. Kuna asubuhi baada ya mvua najikuta nimesimama nyuma ya nyumba, kamera nimeiacha ndani, na mwenye friji ananipigia simu naisikia inaita.

Juzi nilimpigia mama nikiwa kazini Kizuka, nimekaa sakafuni kando ya friji niliyoilaza ubavu. Tulizungumza habari za goti lake. Mara nikasikia sauti ya mama mkubwa ikilalamika kwamba samaki wametiwa chumvi kupita kiasi.

"Ngoja kidogo, baba," mama aliniambia, akaweka simu mahali.

"Chumvi gani? Weye umezoea kula maji," alimwambia dada yake.

"Onja mwenyewe basi!"

Kifuniko kilianguka, kuku akapiga kelele, wakaanza kucheka wote wawili, kicheko kirefu cha wasichana. Kisha wakahamia habari ya jirani fulani. Mama alikuwa amenisahau. Mwenye friji alikuja kuuliza kama imepona, nikaweka kidole mdomoni kwangu ili anyamaze. Nilikaa pale, simu sikioni, nikiwasikiliza mpaka mtandao ukakatika wenyewe.