Uzio wa Bustani ya Kanisa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa ughaibuni, mjini Saint Paul, mwanangu, nikiwa kijana wa chuo. Nilikuwa nimetoka kuandika insha juu ya Uingereza ya zamani, jinsi mabwana wa ardhi walivyozungushia ua malisho ya kijiji na kuwafukuza maskini waliolisha ng'ombe wao pale kwa desturi tu, bila hati. Niliwalilia maskini wale kwa kalamu. Mwalimu akaisoma insha yangu mbele ya darasa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Maana kiangazi hichohicho nilikuwa katibu wa bustani ya kanisa letu. Kila mtu alilima alipozoea, nami nikaona ni fujo. Jumapili moja nikatangaza kwamba anayetaka kipande ajiandikishe baada ya ibada. Mama Kerubo hakuwapo. Alikuwa zamu, akiwaosha wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, kama Jumapili zake nyingi. Nilijua hivyo. Kipande chake cha managu, mboga ya majani ya kwetu, alichokirutubisha miaka na miaka kwa samadi na maganda ya jikoni, nikakiandika jina langu, nikakizungushia waya.

Asubuhi ile niliyoanza kukusimulia, akaja moja kwa moja kutoka kazini, bado na sare yake, akasimama nje ya waya.

“Katibu, waya huu ni wa sungura au ni wangu mimi?”

Waliokuwa wakipalilia wakacheka. Nikamjibu, na hata leo uso unaniwaka: “Mama, hukujiandikisha. Utaratibu ni utaratibu.”

“Na managu uliyokula kwangu mwaka jana, ukaomba na ya kubeba, ulijiandikisha wapi?”

Hakuna aliyecheka tena. Kisha mama akasema kwa upole, “Haya, mwanangu. Chai ipo nyumbani siku yoyote.” Akaenda zake.

Upole ule ulinichapa kuliko fimbo. Hata hivyo waya sikuutoa. Niliona aibu kuonekana nimekosea, nikasahau kuona aibu kwa kukosea.

Majira ya baridi Mama Kerubo akahamia Anoka, mji wa jirani, kwa binti yake. Theluji ilipoyeyuka nikapanda nyanya, na katikati ya nyanya yakachipuka managu kutoka mbegu zake zilizodondoka, yakajaa kote. Hayo nayo hayakujiandikisha. Nilipiga magoti niyang'oe, mikono ikakataa. Nikatubu palepale, juu ya udongo wake.

Niliutoa waya. Managu yalipokomaa nikayachuma, nikayatia kwenye mfuko, nikampelekea. Akafungua mlango, akachungulia ndani ya mfuko.

“Umeyachuma vibaya. Nani anapika mashina? Ingia, Katibu.”

Alinisamehe kabla chai haijachemka. Lakini nilipomwambia kipande chake kinamngoja, aligusa magoti yake, akatikisa kichwa. Hakulima pale tena.

Mwanangu, ni rahisi kumlilia mnyonge wa kitabuni, kwa kuwa hatakuja kudai chake. Nyani haoni kundule. Kabla hujaandika jina lako juu ya kitu, uliza ni nani aliyekiinamia kabla yako, na kama hayupo kwa sababu yuko kazini, mfuate huko aliko. Na ukikosea, rudisha mapema, mwenyewe angali na nguvu za kukipokea.

Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe. Akupe moyo mwepesi wa kutubu, na mikono yako isizungushie ua jasho la mwenzio. Amina.