Bahasha Iliyofungwa kwa Ugali

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika kanisa letu la Juru, nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha ya zabuni. Kikundi chetu cha wakulima kiliomba kuuzia kambi ya jeshi Mbarara magunia thelathini ya maharage, kila gunia kilo mia. Sheria za zabuni nilijifunza mwenyewe kwa kusoma matangazo, na bei niliandika mimi: shilingi elfu tatu kwa kilo.

Kabla kikundi hakijaiombea bahasha, mama mmoja mwenye magunia saba kati ya hayo akasimama, akaniambia:

"Baba, tutaombea kitu hatuyaona bado? Fungua, batu bote baone bei."

"Mama, bahasha ikifunguliwa jeshi wataikataa. Walitupatia hii moja tu."

"Basi Mungu ataikubali," akajibu, na kanisa zima likacheka.

Niliifungua. Wote waliiona bei, wakaridhika. Gundi hatukuwa nayo, tukaifunga tena kwa ugali wa jana, ule tunaouita posho.

Saa nane, Mbarara, afisa wa manunuzi aliigeuza mara mbili.

"Mzee, hii ni bahasha ama ni posho? Mulifungua. Iko nje ya zabuni."

Bei za wengine zilisomwa hadharani. Mfanyabiashara wa Ruti, palepale Mbarara, alishinda kwa elfu tatu na mia tano kwa kilo. Wiki iliyofuata alikuja Juru na lori, akanunua maharage yetu yaleyale kwa elfu mbili na mia sita. Mama yule alikuwa wa kwanza kwenye mizani. Ukilinganisha na bei niliyoandika, kikundi kilipoteza shilingi milioni moja na laki mbili.