Shabani Alipohamisha Vitufe

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia. Ilikuwa Kibiti, zama biashara zilipofunguliwa, kila mwenye chochote akafungua duka.

Mimi, msichana niliyetoka shule juzi, na binamu yangu Shabani tulikuwa tukichapa barua na kadi dukani kwa mjomba, kwenye kompyuta moja yenye mfumo wa Linux. Mashine ile ingeweza kumpa kila mtu mahali pake na nywila yake. Tukaona aibu. Ndugu wafungiane? Watu wangesema tunanyimana. Tukaingia kwa jina moja.

Shabani mikono yake haitulii. Aligundua kwamba ukiweka kishale juu ya neno la menyu, ukabonyeza kitufe ukitakacho, kitufe hicho ndicho kinachoitekeleza amri ile. Asubuhi hiyo akavipanga vyote apendavyo, akaenda zake sokoni bila kuniambia.

Akaingia Bi Mwanaidi wa Kiongoroni, ametoka hospitali, anawahi gari la Nyamisati akapande mashua. Mjukuu wake Mwajuma alikuwa anakaribia kuolewa kijijini Mtawanya, na kwao wosia wa bibi haumfikii bi harusi kabla ya siku yenyewe. Bibi hakuwa na nguvu ya kuvuka tena kuja harusini. Akataka wosia uandikwe, nimpelekee Mwajuma siku hiyo.

Alisema bila kupumzika, nikachapa. Alipomaliza nikabonyeza kitufe changu cha kuhifadhi. Likatokea swali la Kiingereza. Kwa mazoea nikapiga kitufe cha enta, cha kukubali. Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe! Shabani alikuwa amekipa kitufe kile kazi ya kurudisha faili lilivyokuwa mwanzo, na mwanzo lilikuwa tupu.

"Yamekwenda wapi maneno yangu?"

"Yamepotea, bibi."

Nje gari likapiga honi. "Basi mwambie wewe kwa mdomo. Si umesikia?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Wallahi, nilichapa kila neno na sikusikia hata moja.

"Hata moja?" Akashika ukuta, akatoka. Alifariki kabla ya harusi.

Siku ya harusi Mwajuma, aliyejua kwamba bibi alipita dukani kwetu, akaniita chumbani. "Dada, bibi alisemaje?"

"Alisema anakupenda."

Akanitazama, wanja umemchuruzika. "Bibi hakuwa na maneno hayo. Unanidanganya siku yangu ya ndoa?"



Mwanangu, vitufe vyako vipange utakavyo, lakini mahali pako mwenyewe. Chombo cha wengi ukikigeuza, waambie wenzako kabla hujainuka. Omba nywila yako bila haya. Huo si uchoyo. Swali likitokea kwenye kioo, lisome. Na mtu akikupa maneno yake, vidole viandike na masikio yasikie.

Mungu akulinde, akupe utulivu, na wosia wa wazee wako ukufikie wote. Amina.